Biashara ya Kutunza Mabwawa ya Kuogelea: Kipimo Kwanza, Dawa Baadaye

Kuanzia Njiro na Ilboru hadi Usa River, hoteli, nyumba za wageni na baadhi ya makazi yana mabwawa ya kuogelea yanayohitaji matunzo mwaka mzima. Kiangazi huleta vumbi, miti ya jakaranda humwaga maua majini kuanzia Oktoba, na masika ya Machi hadi Mei huingiza tope na majani. Kwa mkazi anayetafuta kazi ya kujiajiri, hii ni fursa isiyodai mtaji mkubwa. Inachodai ni ujuzi wa kupima.

Wengi hudhani kazi hii ni ya wavu na brashi. Hivyo ni vya lazima, lakini maji yanayong'aa yanaweza kubeba vijidudu vya kuharisha, na maji yaliyozidishiwa dawa huunguza macho na ngozi. Anachokilipia mteja hasa ni usalama wa watakaoingia majini, wakiwamo watoto. Kwa sababu hiyo, kifaa cha kwanza kununuliwa kiwe cha kupimia maji.

Vipimo viwili vya msingi

Kipimo cha kwanza ni cha uchachu wa maji, kiitwacho pH, ambacho hutakiwa kuwa kati ya 7.2 na 7.8. Kikizidi hapo, klorini hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake hata ikiongezwa. Cha pili ni klorini huru, ambayo kwa kawaida huwekwa kati ya miligramu 1 na 3 kwa kila lita. Uchachu hurekebishwa kwanza, klorini hufuata.

Hesabu ya dawa

Tuchukue bwawa lenye urefu wa mita 10, upana wa mita 5 na kina cha wastani cha mita 1.5. Ukizidisha namba hizo unapata mita za ujazo 75, yaani lita 75,000. Kupandisha klorini kwa miligramu 1 katika kila lita kunahitaji gramu 75 za klorini halisi. Unga wenye nguvu ya asilimia 65 utahitajika gramu 115 hivi. Iwapo kipimo kinaonyesha 0.5 na lengo ni 2, pengo ni 1.5, hivyo unga unaotakiwa ni takriban gramu 173. Anayekisia na kumimina kilo nzima atapandisha klorini kwa zaidi ya miligramu 8 kwa lita, kiasi kisichofaa kwa muogeleaji yeyote. Mizani ndogo humwepusha fundi na hasara hiyo na hatari yake.

Ni vyema dawa iwekwe jioni, bwawa likiwa halina watu, kwa kuwa jua huivunja klorini. Pampu iachwe ikizungusha maji, na vipimo virudiwe kabla ya bwawa kufunguliwa.

Usalama wa fundi

Unga wa klorini hutiwa kwenye maji. Maji hayamwagwi juu ya unga. Kamwe usichanganywe na asidi, kwani mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu inayoweza kuua. Usichanganywe na klorini ya aina nyingine, wala usihifadhiwe karibu na petroli au mafuta, kwa sababu unaweza kuwaka. Fundi avae glavu, miwani na barakoa inayofaa, na dawa zifungiwe mbali na watoto.

Maji ya kuoshea chujio

Chujio la mchanga huoshwa kwa kurudisha maji kinyume pale shinikizo linapopanda. Maji hayo yasielekezwe kwenye mto wala mfereji. Mifereji ya miteremko ya Mlima Meru hunywesha migomba, mboga na mifugo, na klorini huua samaki na kudhuru mimea michanga. Yahifadhiwe kwenye shimo au tangi hadi kipimo kionyeshe kuwa klorini imekwisha.

Ikumbukwe pia kuwa vyanzo vingi vya maji katika eneo hili vina floraidi nyingi, nayo haiondolewi na klorini. Maji ya bwawa hayawi ya kunywa kwa kuwa yametiwa dawa.

Kurasimisha kazi

Mwombaji hupata namba ya mlipakodi TRA, husajili jina la biashara BRELA, kisha huomba leseni ya biashara katika halmashauri. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinaweza kuomba mikopo itokanayo na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Maelezo hutolewa na Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata.

Makubaliano na mteja yaandikwe: siku za kazi, nani ananunua dawa, na nani anagharamia pampu ikiharibika. Bei ihesabu dawa, nauli na muda. Aidha, kila ziara iandikwe katika daftari pamoja na tarehe, vipimo na kiasi cha dawa. Siku mgeni atakapolalamika kuwa ameugua, daftari hilo litaonyesha hali ya maji ilivyokuwa. Na siku mteja mpya atakapouliza kwa nini aamini kazi hiyo, fundi atakuwa na cha kumwonyesha.