Pikapu Ikizima Ghafla: Tafuta Cheche Kabla ya Kununua Spea

Barabara ya Maai Mahiu hadi Naivasha, inayopita Longonot, hutumiwa usiku na mchana na malori ya masafa marefu. Humo humo hupita pikapu za wakazi zilizobeba maziwa, nyanya, kabeji na nyasi za mifugo. Pikapu kama hiyo ikizima ghafla, dereva hukabiliwa na hatari ya kugongwa, kisha gharama ya kubahatisha. Wengi hununua koili leo, plagi kesho, pampu ya petroli kesho kutwa, na gari bado linazima.

Somo hili linahusu pikapu za petroli, hasa za zamani zenye distribyuta. Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Hiyo huchunguzwa kwanza upande wa mafuta.

Usalama kwanza

Injini ikizima, usukani na breki huwa vizito, lakini bado vinafanya kazi. Dereva akanyage breki kwa nguvu bila kuiachia tena na tena. Asichomoe ufunguo gari likiwa bado linatembea, kwani usukani unaweza kujifunga. Atoke barabarani kabisa, awashe taa za hatari, avute breki ya mkono na kuweka pembetatu za tahadhari hatua 50 au zaidi kutoka kwa gari, mbele na nyuma. Abiria wasimame mbali na lami. Mawe ya kuzuia magurudumu yaondolewe wakati wa kuondoka. Nambari za dharura ni 999 na 112.

Ilizima vipi?

Kabla ya kufungua boneti, dereva akumbuke jinsi injini ilivyozima. Ikiwa ilikata papo hapo, kana kwamba mtu ameizima kwa ufunguo, uchunguzi uanze kwenye umeme wa cheche. Ikiwa ilikohoa na kupoteza nguvu polepole, uanze kwenye mafuta: tangi tupu, chujio lililoziba au pampu dhaifu. Dalili hii si ushahidi kamili, ila huonyesha pa kuanzia.

Hatua nne za kupima

1. Taa za dashibodi. Zikikosa kuwaka kabisa, vikaguliwe vichwa vya betri, fyuzi kuu na swichi ya ufunguo. Zikipepesa ufunguo unapotikiswa, huenda swichi imechakaa. Shada zito la funguo za makufuli likining'inia hapo huiharibu mapema.

2. Stata. Injini ikizunguka upesi na kwa wepesi kuliko kawaida, huenda mkanda wa taiming umekatika. Stata isipigwe tena, fundi aitwe.

3. Cheche kwenye plagi. Waya mmoja uchomolewe kwenye plagi ya injini na kuchomekwa kwenye plagi ya akiba. Chuma cha plagi hiyo kilazwe kikigusa chuma cha injini, kisha mtu mwingine apige stata. Plagi isishikwe kwa mkono, kwani umeme huo hupita volti 10,000. Kipimo hiki kisifanywe ikiwa kuna harufu ya petroli. Cheche kali ya buluu huonyesha kuwa umeme upo, na uchunguzi uhamie kwenye mafuta.

4. Cheche kwenye koili. Waya mnene wa katikati unaotoka kwenye koili upimwe vivyo hivyo. Ikiwa cheche inatoka hapo lakini haifiki kwenye plagi, kosa liko kwenye kifuniko cha distribyuta, rota au waya za plagi. Isipotoka, fundi apime kwa taa ya volti 12 kama umeme unafika kwenye koili ufunguo ukiwa umewashwa. Usipofika, kosa ni fyuzi, swichi au waya. Ukifika, ichunguzwe koili yenyewe na kifaa kinachoiamuru kutoa cheche.

Magari ya kisasa yenye koili juu ya kila plagi yasipimwe hivi. Hayo yapelekwe kwa fundi mwenye mashine ya kusoma hitilafu.

Kosa linalojificha

Kuna pikapu inayozima mlimani mchana wa jua, ikakaa nusu saa, ikawaka kana kwamba haikuwa na tatizo. Fundi akiipima imepoa, haoni kosa. Koili, sensa ya krankshafti na vifaa vya elektroniki vinaweza kushindwa vikipata moto na kurudi vikipoa. Kwa hiyo kipimo chenye thamani zaidi ni kile kinachofanywa gari likiwa bado limegoma. Katika gereji, fundi anaweza kuiacha injini ipate moto hadi kosa lirudi, kisha apime hapo hapo.

Vumbi na umande

Vumbi laini la Longonot hutokana na udongo wa majivu ya volkano. Likikaa juu ya kifuniko cha distribyuta na waya za plagi, kisha likalowa umande, cheche huweza kuvuja nje. Usiku, gari likiwa limeegeshwa na injini inanguruma, mwenye gari aangalie chini ya boneti bila kugusa kitu. Akiona miali ya buluu ikirukaruka, waya au kifuniko kina ufa. Vifutwe kwa kitambaa kikavu injini ikiwa imezimwa.

Daftari ndogo iwekwe ndani ya gari. Kila likizima, dereva aandike saa, kama injini ilikuwa moto, kama taa ziliwaka na kama cheche ilionekana. Fundi akisoma maandishi hayo atajua pa kuanzia, na mwenye gari atanunua spea moja inayohitajika badala ya tano za kubahatisha.