Culwick na Wabena: Maswali Matano Kuhusu Ofisa Aliyegeuka Mwandishi

Anayetafuta vitabu vya mila za Wabena, awe Njombe mjini au Makambako, hachelewi kukutana na jina la Culwick. Mtafiti wa historia ya Nyanda za Juu Kusini anajibu maswali yanayoulizwa mara nyingi.

Culwick alikuwa nani?

Arthur Theodore Culwick alikuwa ofisa tawala wa Kiingereza huko Ulanga, katika bonde la Kilombero. Mwaka 1935 yeye na mkewe Geraldine Mary, mwanaanthropolojia, walitoa kitabu *Ubena of the Rivers*. Walichunguza pia chakula cha wenyeji, afya yao na idadi ya watu.

Mtoza kodi na mila wapi na wapi?

Kazi yenyewe ilimdai. Gavana Donald Cameron, aliyeingia Tanganyika mwaka 1925, alitaka wenyeji watawaliwe kupitia machifu wao, na sheria ya mwaka 1926 ikawapa machifu hao mamlaka rasmi. Kwa hiyo ofisa alilazimika kujua ukoo upi unatawala, nani anarithi na nani anagawa ardhi. Alichokiandika kingeweza kuamua nani atakalia kiti. Wafaransa nao walifanya hivyo Asia: Léopold Sabatier, mtawala wa Darlac katika nyanda za juu za Vietnam, alikusanya sheria za mila za Warhade, naye ndiye aliyekuwa bwana mkubwa wa eneo hilo.

Je, kitabu hicho kinatuhusu sisi wa Njombe?

Kwa sehemu tu. Mito inayotajwa katika jina la kitabu ni Kilombero na matawi yake. Watu wa huko walitoka nyanda za juu wakashuka bondeni katika karne ya 19. Leo njia ya TAZARA kutoka Makambako kwenda Dar es Salaam hushuka hadi Mlimba, huko huko bondeni. Lakini undugu haukuwafanya wawe na historia moja. Katika vita vya Maji Maji, mwaka 1905, akina Kiwanga, ukoo wa kitawala wa bondeni, walisimama na Wajerumani, ilhali chifu Mbeyela wa huku juu aliishambulia misheni ya Yakobi, karibu na Njombe. Ukiyachukua ya bondeni ukayabandika Njombe, utakuwa umepotosha pande zote mbili.

Aliyasikia kwa nani?

Msemaji mkuu ni mtema (yaani chifu) Towegale Kiwanga, ambaye ana sura yake mwenyewe kitabuni. Kwa vitabu vya zama zile, hiyo ni heshima isiyo ya kawaida. Ila mtema alikuwa na kiti cha kulinda, na ofisa alihitaji mtema mwenye nguvu. Hapo masilahi yao yalikutana. Mwanamke aliyelima mpunga, au kijana asiye wa ukoo wa kitawala, hakupewa sura.

Basi tukitupe?

Hasha. Kina mambo mengi ambayo wazee waliokuwa wakiyajua hawapo tena. Kisome ukiuliza kwa kila dai: limetoka kwa nani, na lilimfaa nani? Kisha lilinganishe na madaftari ya wilaya yaliyomo katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na maandishi ya wamisionari wa Berlin waliokuwa Kidugala na Yakobi. Soma pia *A History of the Excluded* cha James Giblin, akishirikiana na Blandina Kaduma Giblin, cha mwaka 2005: hicho kimejengwa juu ya masimulizi ya familia za Njombe zenyewe.

Na ikitokea kesi ya shamba au ugomvi wa ukuu wa ukoo, asije mtu akafungua ukurasa wa Culwick kana kwamba ni hati. Ule ni ushahidi wa upande mmoja, uliochukuliwa na mtu mwenye cheo kutoka kwa mtu mwenye cheo. Waiteni na majirani wanaopakana na shamba hilo waseme wanayoyajua.