Paka si najisi, lakini kinyesi chake kisibaki bustanini



Wiki hii naanza na mama mmoja aliyekuja kliniki akiwa na mimba ya miezi minne. Alipokwisha kupimwa hakuinuka. Akasema, "Ustadhi, nina swali la dini na swali la hospitali, na yote mawili ni ya paka." Nyuma ya nyumba yake ana matuta matatu: mchicha, matembele, na tuta dogo la kotimiri na nyanya. Kila asubuhi hukuta udongo umefukuliwa na uchafu umeachwa. Mumewe amechoka. Amenunua sumu ya panya isiyo na hata lebo, na jioni ile alikusudia kuichanganya na dagaa. Na paka mmojawapo ni wa bibi jirani, ambaye hupelekeana nao futari kila Ramadhani.

Nikamwambia, "Dada, mpigie simu mumeo kwanza. Tutazungumza akishaiweka hiyo sumu mahali ambapo mtoto hawezi kuifikia." Akapiga.

Tuanze na dini. Paka mwenyewe si najisi. Imepokewa na Abu Daud, Tirmidhi na wengineo kutoka kwa Kabsha bint Ka'ab kwamba baba mkwe wake, Abu Qatada (R.A), alimwinamishia paka chombo cha maji ya udhu mpaka akanywa. Kabsha alipoonesha mshangao, akamweleza kuwa Mtume (S.A.W) amefundisha kwamba paka si najisi, bali ni katika viumbe wanaotuzunguka majumbani. Kwa hiyo paka akinywa kwenye ndoo yako ya udhu, au akilala juu ya mswala, usihangaike. Na katika Bukhari na Muslim tunasoma habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache akajitafutie. Ikiwa hiyo ndiyo hali ya aliyemnyima chakula, vipi yule anayempa chakula chenye sumu?

Lakini kinyesi chake na mkojo wake ni najisi. Sisi tunaofuata madhehebu ya Imam Shafi, na ndio wengi katika pwani yetu, hilo halina utata kwetu. Kila aliyesoma Safina madrasa anakumbuka kwamba najisi yenye kuonekana huondolewa kwanza yenyewe, kisha ndipo maji yapite mpaka rangi, harufu na ladha viondoke. Watu wengi hugeuza mpango huu. Hukuta uchafu tutani, humwaga ndoo ya maji, na sasa uchafu uliokuwa mahali pamoja umesambaa tuta zima. Mboga iliyoota hapo haiharamiki kwa hilo. Kilichoguswa na najisi huoshwa, basi.

Sasa hospitali, na hapa naomba utulie kidogo. Twahara hutazama rangi, harufu na ladha. Vimelea vya maradhi havina hata kimoja kati ya hivyo ambacho jicho au pua yako itakitambua. Ardhi inaweza kuwa imetwaharika kisheria, ukaswali juu yake na swala yako ikasihi, na bado udongo ule ukawa na cha kumdhuru mkeo. Hukumu mbili hizi hazigombani, ila moja haitoshi kwa kazi ya nyingine.

Kimelea kinachomhusu zaidi mama mjamzito huitwa toksoplazma. Paka hukipata anapokula panya au ndege mwenye nacho, au nyama mbichi. Baada ya hapo hutoa katika kinyesi mamilioni ya vijiyai visivyoonekana kwa macho, kwa kawaida kwa muda wa wiki moja hadi tatu hivi, na mara nyingi ni pale anapoambukizwa kwa mara ya kwanza, akiwa bado mdogo. Vijiyai hivyo vinapotoka haviambukizi papo hapo. Huhitaji siku 1 hadi 5 kukomaa. Baada ya hapo vinaweza kuishi katika udongo wenye unyevu kwa mwaka na zaidi, na dawa ya kutibu maji haiviui. Moto wa kupikia ndio unaoviua.

Mtu mzima mwenye afya akiviokota pengine hataona kitu, au atapata homa kidogo na mitoki. Lakini mwanamke akiambukizwa kwa mara ya kwanza akiwa na mimba, kimelea kinaweza kumfikia mtoto tumboni. Mimba huweza kuharibika, au mtoto akazaliwa na kichwa kilichojaa maji, au macho yenye kasoro ambayo pengine haitaonekana mpaka baada ya miaka. Wanaoishi na VVU nao wajihadhari, maana kinga ikishuka kimelea hiki hushambulia ubongo. Waliopewa septrini kliniki wasiiache kwa uamuzi wao wenyewe, kwani inawakinga na hili pia.

Msikimbilie kumfukuza paka, akina mama. Manyoya yake si njia ya ugonjwa huu. Njia ni kinyesi kilicholala, udongo uliochanganyika nacho, mikono iliyoshika udongo huo, na tena mishkaki isiyoiva ndani, ambayo wengi huisahau kabisa wakamwangalia paka peke yake. Mchicha na matembele ukiyapika yakaiva, hatari hiyo imekwisha. Hofu yangu ilikuwa lile tuta dogo la kotimiri na nyanya, kwa sababu hivyo huingia kwenye kachumbari vibichi. Yaoshwe jani kwa jani kwa maji yanayotiririka, na mama mwenye mimba kama ana shaka na bustani yake, ale vilivyopikwa tu mpaka ajifungue.

Sasa kazi yenyewe. Kwa kuwa kimelea huhitaji siku kukomaa, uchafu uokotwe kila siku, asubuhi, bila kuacha leo kwa kesho. Vaa mfuko wa plastiki mkononi, chukua uchafu pamoja na udongo ulio chini yake, utumbukize chooni au uzike kwenye shimo refu mbali na kisima na matuta. Usiuchanganye na mbolea ya mboji. Kisha osha mikono kwa sabuni. Nani afanye? Si mama mjamzito. Baba mwenye nyumba, afanye wewe. Bibi Aisha (R.A) ameeleza katika Bukhari kuwa Mtume (S.A.W) alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani kwake, na kuokota uchafu dakika mbili kabla ya kwenda kazini hakukupunguzii heshima.

Kumzuia paka ni rahisi ukijua anachotafuta. Hutafuta udongo mkavu, laini, uliolimwa karibuni, apate kufukua na kufukia. Yaani ulipomaliza kupiga jembe ulimtayarishia choo. Basi uharibu ulaini huo. Mwagilia jioni udongo ulowe. Funika nafasi kati ya miche kwa matandazo mazito: makumbi ya nazi, vipande vya makuti, au matawi ya mlimau yenye miiba. Tuta jipya la mbegu lichomekee vijiti vingi, umbali wa chini ya shubiri moja baina ya kijiti na kijiti, paka akose pa kuchuchumaa. Mwenye uwezo alaze wavu wa banda la kuku juu ya udongo, mboga zitapenya matunduni na paka hatafukua. Maganda ya machungwa nayo humkera kwa harufu, lakini ni ya siku mbili tatu, yakikauka umerudi ulikoanza.

Na usisahau kinachomleta. Vichwa vya samaki kwenye ndoo isiyo na mfuniko ni mwaliko, na aliyekula kwako atajisaidia kwako.

Wapo wanaomwaga mafuta ya taa tutani, wakaua mboga zao. Wapo wanaotupa naftalini, zile za kuwekea nguo. Hizo ni sumu. Mtoto akizidhania peremende akazila, anaweza kupata upungufu mkubwa wa damu, hasa wale waliozaliwa na udhaifu fulani katika chembe nyekundu za damu, na hao katika nchi zetu si wachache. Sumu ya panya ndiyo mbaya kuliko zote. Dagaa mwenye sumu hana jina la paka. Huokotwa na kuku, na mtoto anayetambaa.

Mahali pengine pa kutazama ni lile rundo la mchanga wa ujenzi lililokaa nje miezi sita likisubiri fedha za tofali. Kwa paka hakuna choo kizuri kuliko hicho, na kwa watoto hakuna uwanja mzuri kuliko huo. Hapo ndipo mtoto anapopata mnyoo unaotambaa chini ya ngozi. Utaona mstari mwekundu uliopindapinda kama njia ya konokono, mguuni au kwenye makalio, unaosogea kidogo kila siku na kuwasha sana usiku. Usiuchome wala usiupake mafuta ya taa. Mlete mtoto, tutampa dawa kwa umri na uzito wake. Mayai ya minyoo mingine ya paka huingia kwa mdomo kupitia vidole na huweza kudhuru jicho, hivyo kucha za watoto zikatwe, jambo ambalo tayari ni sunna. Mchanga nao ufunikwe kwa turubai, kila jioni.

Yule dada alirudi mwezi uliofuata. Sumu mumewe aliirudisha dukani, na muuza duka alikataa kurudisha fedha. Wamelaza makumbi kwenye matuta, na mume alikwenda kwa bibi jirani kuzungumza naye, akapokewa kwa chai. Wakakubaliana kuweka pembe moja ya mchanga mkavu uani kwa bibi, chini ya mwarobaini, na mjukuu wake ndiye anayechota uchafu kila asubuhi. Paka wa bibi anakwenda huko. Wale wa mtaani wasio na mwenyewe bado huja mara moja moja kwenye tuta la kotimiri, na mume huokota.

Wabillahi tawfiq.