Mseto, Madini Joto na Mbadala: Istilahi za Sayansi Zinapofika Kariakoo

Uchunguzi wa istilahi za Kiswahili umeelekea zaidi upande wa waundaji. Tangu TUKI ilipochapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, swali linalorudiwa ni iwapo neno litoholewe, litafsiriwe au libuniwe. Upande wa mpokeaji umeguswa kidogo. Hata hivyo, matokeo ya utafiti humfikia mnunuzi wa Kariakoo yakiwa ndani ya pakiti au mfuko, na mara nyingi kinachomwongoza ni jina tu. (Ikumbukwe kwamba Kariakoo yenyewe ni utohozi wa wapokeaji: Carrier Corps ya Waingereza ilipata umbo hilo bila ya kamati yoyote.)

Mfano ulio bora ni dawa ya mseto. Nchini Tanzania klorokwini iliachwa mwaka 2001 kama tiba ya kwanza ya malaria, ikachukuliwa na SP. Mwaka 2006 SP nayo ikaipisha dawa yenye artemetha na lumefantrini, yaani ALu. Umma uliipokea kwa jina la mseto, neno la jikoni lenye maana ya mchele na choroko vilivyopikwa pamoja, ambalo lilikwisha kupanuliwa katika kilimo cha mseto na serikali ya mseto. Artemetha hupunguza vimelea kwa haraka na kutoka mwilini mapema. Lumefantrini hubaki kwa siku kadhaa ikimaliza vilivyosalia. Ni vigumu kwa kimelea kujenga usugu dhidi ya zote mbili kwa wakati mmoja. Mtu anayejua kwamba choroko peke yake si mseto amekwisha kuelewa nusu ya hoja. Nusu ya pili haimo katika neno: kwamba vidonge 24 vya mtu mzima humezwa kwa siku tatu, hata kama homa imetoka siku ya kwanza, na kwamba lumefantrini hufyonzwa vizuri pamoja na chakula chenye mafuta. Anayebakiza vidonge amekunywa mseto kwa jina tu.

Mtu anaweza kupinga kwamba SP nayo ina dawa mbili na haikuitwa mseto. Pingamizi hili lina jibu: dawa hizo mbili hushambulia mlolongo mmoja wa kikemia ndani ya kimelea, ilhali zile za ALu hutenda kwa njia tofauti. Lakini jibu hilo linatoka katika famasia, si katika semantiki ya neno.

Madini joto ni kisa kingine. Istilahi hii hutumika kwa iodini inayotiwa katika chumvi ili kuzuia rovu na madhara katika ubongo wa mtoto aliye tumboni. Joto hapa linaweza kutetewa, kwa kuwa homoni za tezi la shingo huongoza utoaji wa nishati mwilini. Hata hivyo, iodini hupungua chumvi inapowekwa wazi penye joto na unyevunyevu. Jina linaloipa iodini sifa ya joto halimpi muuzaji sababu yoyote ya kuiondoa chumvi juani.

Udhaifu mkubwa zaidi umo katika mbadala. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, ilikuja mifuko mbadala, ambayo mingi ni ya kitambaa kisichofumwa cha polipropilini. Polipropilini ni plastiki. Kiwango cha gramu 70 kwa mita ya mraba kiliwekwa ili mfuko utumike mara nyingi, lakini neno mbadala halitaji malighafi wala uzito. Linataja tu kile kilichoondolewa.

Hali ni hiyo hiyo katika nishati. Mkaa mbadala waweza kuwa wa vifuu, wa pumba, au wa vumbi la mkaa wa miti ile ile inayokusudiwa kunusurika. Mama lishe akiambiwa mkaa wa vifuu anajua anachonunua. Akiambiwa mbadala, inambidi aulize.