Mwenyekiti wa Chama cha Maembe: Lini Uamuru, Lini Uulize, Lini Ukabidhi

Chama cha wakulima wa maembe wa Kinakomba, kando ya Mto Tana, ni biashara, hata kama wanachama wake ni ndugu na majirani. Kina pampu, kina deni, kina wateja na kina watoto wanaosubiri karo. Chama cha namna hiyo kinaweza kufa miti ikiwa imejaa matunda, kwa sababu tu mwenyekiti anajua namna moja ya kuongoza.

Wahenga walituachia maneno mawili yanayopingana: penye wengi hapaharibiki neno, na manahodha wengi chombo huenda mrama. Yote mawili ni kweli. Kazi ya mwenyekiti ni kujua jambo lililo mbele yake ni la neno lipi.

Amuru pale maji yasiposubiri

Mto Tana hautupi nafasi ya mijadala mirefu. Mvua ikipiga nyanda za juu na mabwawa ya Masinga hadi Kiambere yakijaa, maji hutufikia hata kama kwetu jua ni kali. Tuliyaona mwaka 1997, tukayaona tena 2018 na 2024. Mto wenyewe pia huhama: mwaka 1989 uliacha njia yake kule Hola, na skimu ya umwagiliaji ikasimama.

Kwa hiyo tahadhari ikitangazwa redioni, pampu iondoke ukingoni siku hiyo hiyo kwa neno la mtu mmoja. Lakini mamlaka hayo apewe wakati wa kiangazi, katika mkutano, na yaandikwe kwenye kumbukumbu: nani atatoa amri, nani atashika nafasi yake akiwa safarini, pampu itahifadhiwa wapi, na ni fedha kiasi gani anaweza kutumia bila kuuliza. Maji yakipungua, atoe hesabu mbele ya wote. Amri iliyokubaliwa mapema haimdhalilishi mtu.

Uliza pale hasara ni ya wote

Bei ni jambo la wote. Dalali akifika na lori wakati embe zimeshaiva, kila mkulima ana hofu ya kuozewa, na mwenye hofu hukubali lolote. Itisha mkutano kabla ya msimu, mkubaliane mambo manne: bei ya chini ambayo hakuna atakayeshuka, kipimo cha kuhesabia, nani atazungumza na dalali, na zamu ya kuchuma itapangwaje ili shamba la mwenyekiti lisiwe la kwanza kila mara.

Wapokomo wana Gasa, baraza la wazee ambamo jambo hujadiliwa mpaka likubalike. Chukua subira yake, kisha ongeza sauti zisizokuwamo, kwa kuwa kimila ni baraza la wazee wanaume, na kwenye biashara ya maembe kazi kubwa hufanywa na wanawake na vijana. Waache waseme kwanza, wazee wafuate, nawe useme mwisho. Mwenyekiti akitangulia kutoa maoni, wengi huyarudia tu maneno yake.

Wakati mwingine anayefaa kuulizwa si mwanachama. Mkitaka kuweka pampu au uzio karibu na malka, njia ya mifugo kwenda mtoni, kaeni kwanza na wafugaji. Mazungumzo ya asubuhi moja ni nafuu kuliko uhasama wa kiangazi kizima.

Kabidhi pale mwenzako anajua zaidi

Mfano ni nzi wa matunda, ambaye mwaka 2014 alisababisha Kenya isimamishe kuuza maembe Ulaya hadi 2021. Hutaga mayai ndani ya tunda, funza hukua humo, kisha huingia ardhini. Ukiacha embe zilizoanguka zioze chini ya mti, umemfugia jirani yako nzi. Sheria ya kuokota na kuzika embe zilizoanguka itungwe na wote. Kazi ya kukagua mitego na mashamba mpe kijana aliyejifunza kwa afisa wa kilimo.

Ukimkabidhi, mwambie mambo matatu: kazi yenyewe, mpaka wa mamlaka yake, na siku ya kuleta ripoti. Kisha usimwingilie. Na akimkuta mkubwa amevunja sheria, simama naye hadharani, ama sivyo hutapata mwingine wa kujitolea.

Tangaza namna kabla ya kufungua jambo

Kila ajenda ianze kwa kauli moja: "Hili limeshaamuliwa, nawaarifu," au "Hili tunaliamua sasa pamoja," au "Hili yuko nalo mwenzetu fulani." Watu huvumilia amri kuliko wanavyovumilia kuombwa ushauri juu ya jambo lililokwisha kuamuliwa. Wakiligundua hilo mara moja, mkutano ujao hawaji.

Fedha zina kanuni yake katika namna zote tatu: mwenyekiti asishike pesa taslimu. Mweka hazina aandike, kamati ya usimamizi ikague, na hesabu ya kila lori ibandikwe mahali ambapo kila mwanachama ataiona.

Kipimo

Uongozi hupimwa kiongozi akiwa hayupo. Mwaka 1939 mwanasaikolojia Kurt Lewin na wenzake walichapisha utafiti wao wa Iowa, Marekani, juu ya vikundi vya wavulana wa umri wa miaka 10 hivi. Kiongozi mwenye amri alipotoka chumbani, kazi ililegea. Aliyeshauriana na kikundi chake alipotoka, kazi iliendelea.

Kabla ya mkutano ujao, andika kando ya kila ajenda: amri, shauri au kabidhi. Ukikuta "amri" imejaza ukurasa, rudi uulize ni mangapi kati ya hayo kweli hayawezi kusubiri. Kisha siku moja katikati ya msimu, ondoka kwa wiki moja. Kama maembe yatauzwa kwa bei mliyokubaliana, wakulima wakalipwa na vitabu vikaandikwa bila wewe kupigiwa simu, basi chama kina uongozi.