Kalkuleta ya Grafu: Je, Inamfaa Mwanafunzi?

Kabla hujanunua kalkuleta, au kabla hujajigamba kwa ile uliyopewa, hebu nisikilize kidogo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, wa kutwa, na nia yangu ni kuwa mhandisi wa barabara. Mwaka huu nilipata somo ambalo halimo katika kitabu chochote cha Hisabati nilicho nacho. Nililipia alama nne na aibu nyingi. Nimeonelea niliandike hapa ili wewe ulipate bure.

MASHINE YA MJOMBA

Mjomba wangu ni mpimaji ardhi. Alifanya kazi katika barabara ya kutoka hapa Isiolo kwenda Moyale wakati ilipokuwa ikitiwa lami. Wakubwa wetu wanakumbuka jinsi zamani lami ilivyokuwa ikiishia hapa mjini, na mbele ikawa ni vumbi na mawe. Kipande cha kwanza, cha kutoka hapa hadi mto Merille, kina kilomita 136, na kazi yake ilianza mwaka wa 2007.

Likizo ya Aprili mjomba alitutembelea, akafungua mkoba wake na kunipa kalkuleta aliyokuwa akitumia huko kazini, HP 48G. Aina hiyo ilitoka mwaka wa 1993, naye aliinunua ikiwa imeshatumika. Siku hizi vyombo vya upimaji vina kompyuta ndani yake, ndiyo maana aliamua kuipumzisha. "Mpwa wangu," aliniambia, "hii imenilisha. Itunze, na uijue kabla ya kuitegemea." Maneno ya kwanza niliyasikia vizuri. Ya mwisho yalipita.

Sasa, mama yangu huuza maziwa ya ngamia, yale yanayopakiwa kwenye basi kupelekwa Eastleigh, Nairobi. Kidogo kidogo alikuwa ameniwekea shilingi 1,300 za kalkuleta ya kawaida ya shule. Mimi nikamwambia kwa majivuno, "Mama, usisumbuke. Yangu sasa ni kubwa kuliko ya mwalimu." Pesa zile zikanunua viatu vya mdogo wangu.

KALKULETA YA GRAFU NI NINI?

Kalkuleta ziko za namna nyingi, lakini kwetu sisi tatu zinatosha kuzijua. Ya kwanza ni ile ya dukani, ya kujumlisha na kutoa tu. Ya pili ni ya kisayansi, yenye sin, cos, tan, logi na vipeo. Ya tatu ni ya grafu. Hii hufanya yote ya pili, kisha huchora mstari wa mlinganyo kwenye kioo, na tena unaweza kuiandikia programu ikafanya hesabu ndefu kwa kubonyeza mara moja. Mjomba alikuwa na programu yake: anaingiza umbali na pembe, inamtolea urefu.

Zamani wahandisi walitumia majedwali ya logi na rula maalumu ya kuteleza. Mwaka wa 1972 kampuni ya HP ilitoa HP-35, kalkuleta ya kwanza ya kisayansi ya kushika mkononi. Bei yake ilikuwa dola 395, pesa nyingi sana wakati huo. Mwaka wa 1985 Casio ikatoa fx-7000G, ya kwanza ya grafu kuuzwa madukani. Halafu mwaka wa 1990 Texas Instruments ikatoa TI-81, iliyolenga wanafunzi.

Hiyo HP ya mjomba ina ajabu yake. Ukitaka kujumlisha 3 na 4, unaandika 3, unabonyeza ENTER, unaandika 4, ndipo unabonyeza alama ya kujumlisha. Namba hutangulia, kazi hufuata. Mtindo huu ulitokana na wazo la Jan Łukasiewicz, mtaalamu wa mantiki kutoka Poland, wa miaka ya 1920. Mhandisi akishauzoea haandiki mabano hata kidogo. Lakini kila rafiki aliyeniazima aliirudisha baada ya dakika moja akisema imeharibika!

SIKU YA AIBU

Muhula wa pili tulipewa jaribio. Swali lilikuwa hivi: mtu amesimama mita 40 kutoka kwenye shina la mnara, mahali tambarare. Kutoka pale chini, pembe ya kuangalia kilele ni digrii 35. Tafuta urefu wa mnara.

Hesabu yenyewe ni 40 mara tan 35. Nilibonyeza kwa mbwembwe huku wenzangu wakifunua majedwali. Mashine ikaleta 18.95. Nikaandika mita 18.95, nikaweka kalamu chini wa kwanza darasani.

Jawabu sahihi ni mita 28.01.

Nini kilitokea? Usiku uliotangulia nilikuwa nikichezea vitufe, nikaiacha mashine katika radiani badala ya digrii. Juu ya kioo palikuwa pameandikwa RAD kwa herufi ndogo, nami sikutazama. Ubaya wa kosa hili ni kwamba jawabu linaonekana la kweli. Kama ingeniletea mita elfu tisa ningeshtuka. Lakini mnara wa mita 19 si upo? Nani atashuku?

Mwalimu hakunigombeza. Alichora pembetatu ubaoni akauliza, "Pembe ingekuwa 45, urefu ungekuwa ngapi?" Tukajibu 40, kwa kuwa tan 45 ni 1. "Na ingekuwa 30?" Tukatafuta, tukapata kama 23. "Basi 35 iko kati ya 30 na 45. Urefu lazima uwe kati ya 23 na 40. Kumi na tisa imetoka wapi?" Darasa zima likanigeukia.

Kisha akaongeza jambo lililonikata maini. Maagizo ya karatasi za Hisabati za KCSE huruhusu majedwali ya KNEC na kalkuleta isiyotoa sauti na isiyoweza kuandikiwa programu, isipokuwa pale swali linaposema vingine. Yaani mashine yangu, pamoja na ukubwa wake wote, haingii chumba cha mtihani. Huko Marekani mtihani wa SAT unaruhusu kalkuleta za grafu. Lakini wahenga walituasa tusisafirie nyota ya wenzetu.

Jioni ile ilinibidi nimweleze mama. Nilikuwa naogopa, maana pesa za maziwa si za kuchezea. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ngamia na punda wote ni mali. Lakini kwenda kisimani hapo karibu, hatumchukui ngamia." Akaanza upya kuweka shilingi. Mimi nami nikawa namsaidia kuosha mitungi kila jioni, bila kuambiwa.

GRAFU NAYO ITAZAMWE VIZURI

Usidhani naisema vibaya mashine ya mjomba. Katika mada ya milinganyo ya kipeo cha pili imenisaidia sana. Nabadilisha namba moja, naona mstari unavyopanda, unavyoshuka au unavyofunguka. Kwa penseli na karatasi ya grafu ningechukua nusu saa kwa kila mmoja.

Lakini hata hapo kuna mtego. Jaribu mlinganyo huu: y = x² − 16x + 15. Mashine ikiwashwa mara ya kwanza huonyesha x kutoka −6.5 hadi 6.5 tu, na y kutoka −3.1 hadi 3.2. Hapo utaona kamstari kamoja karibu wima, kakikata mhimili kwenye 1. Mvivu ataandika, "Jawabu ni 1," afunge daftari. Kumbe mstari umeshuka hadi −49 pale x inapokuwa 8, ukapanda tena na kukata mhimili kwenye 15. Hilo la pili liko nje ya dirisha. Mashine haikudanganya. Ilionyesha tu pale ilipoambiwa itazame.

MAJARIBIO MATANO YA DUKANI

Mama alipofikisha pesa tulikwenda mjini pamoja. Nilikuta kalkuleta za kisayansi za bei mbalimbali, nyingine za shilingi 400 tu zilizofanana na zile za bei kubwa kama mapacha. Safari hii sikukubali kudanganywa na sura. Nilimwomba mwenye duka ruhusa, nikafanya haya:

1. Niliandika 2 + 3 × 4. Inayofaa huleta 14. Ikileta 20, haijui kuzidisha kunatangulia.

2. Niliiweka katika digrii, nikatafuta sin 30. Lazima ilete 0.5. Ikileta −0.988, iko katika radiani. Ikileta 0.454, iko katika gradi. Hapo usiirudishe, ibadilishe kwanza kisha ujaribu tena.

3. Niliandika −3 kipeo cha pili bila mabano, kisha kwa mabano. Nyingi huleta −9 kwanza, halafu 9. Hilo si kosa la mashine, ni sheria yake, nawe uijue.

4. Niliandika 6 ÷ 2(1 + 2). Kalkuleta nyingine huleta 1, nyingine 9! Hii ndiyo sababu mhandisi huweka mabano yake wazi, asiiachie mashine kuamua.

5. Nilibonyeza kila kitufe, kimoja kimoja. Hapa kwetu vumbi ni jingi, na kitufe kinachokwama dukani kitakufa kabisa kufikia muhula wa tatu. Nikaangalia pia kama betri yake inapatikana mjini.

Moja ya zile za shilingi 400 ilipita majaribio manne, lakini kitufe cha 7 kilihitaji kubonyezwa mara mbili. Fikiria mtihani mzima usioiamini saba! Tulinunua ya shilingi 1,250. Rahisi ni ghali.

HUKUMU YANGU

Je, kalkuleta ya grafu inamfaa mwanafunzi? Kwa kujifunza, naam, ukipewa au ukiazimwa. Kwa mtihani wetu, hapana. Na mzazi asiuze mbuzi kuinunua. Mwenye simu nyumbani anaweza kuchora grafu zilezile bure kwa programu kama GeoGebra au Desmos, mradi simu isiletwe shuleni. Kwa kila siku, chukua ya kisayansi iliyopita majaribio, na ujifunze majedwali vilevile, kwani hayo hayaishiwi na betri.

Lakini kubwa kuliko yote ni hili: kadiria kabla ya kubonyeza. Nilipompigia mjomba simu kumweleza yaliyonipata, alicheka sana. Aliniambia kwamba miaka yote ile barabarani alikuwa na kidaftari mfukoni, na kila hesabu aliikadiria humo kwa penseli kwanza. Mashine na daftari zisipokubaliana, alipima upya, hata jua likiwa kali namna gani. Mali bila daftari hupotea bila habari. Nami nimeona kwamba hata jawabu bila daftari hupotea vivyo hivyo.

HP ya mjomba iko nyumbani, imefungwa katika kitambaa kuzuia vumbi. Sijaiuza, wala sitaiuza. Inaningoja nifike chuo cha uhandisi, mahali safari itakapokuwa ndefu ya kutosha kumtoa ngamia.

MASWALI YA KUJIPIMA

(a) Umesimama mita 60 kutoka kwenye mnara, na pembe ni digrii 40. Bila kalkuleta, urefu uko kati ya mita ngapi na ngapi?

(b) Barabara inapanda mita 3 kwa kila mita 100 za kwenda mbele. Pembe yake ni digrii ngapi? Kadiria kwanza!

(c) Chora y = x² − 20x + 19. Dirisha la grafu lianzie wapi na liishie wapi ili mikato yote miwili ionekane?

Majibu uyalete katika mkutano wa chama. Na ukija na kalkuleta, tazama kwanza pale juu ya kioo.