Kuhama Njombe kwenda Maswa: nilipima joto, nikasahau maji

Maradhi yaliyonitoa Njombe yana jina ambalo mtu wa nchi ya joto hulisikia akatabasamu: baridi yabisi. Kwa miaka kadhaa magoti yangu yalikuwa yakiujua mwezi wa Juni kabla ya kalenda. Asubuhi, ukungu ungali umelala juu ya chai na miwati, nilihitaji robo saa na mkono wa mke wangu ili nisimame, na jiko la mkaa tulilokuwa tukiliingiza chumbani, mlango tumeufunga, lilikuwa hatari kubwa kuliko baridi tuliyokuwa tukiikimbia. Nilipostaafu ualimu nikatia nia ya kulifuata jua, na maadamu mke wangu ana jamaa zake Maswa, mkoani Simiyu, ndiko tulikoelekea. Wanaoniuliza kama nilifanya vema siwajibu kwa ndiyo wala la. Huwaeleza nilivyokosea mizani, ili yao iwe na insafu zaidi.

Njombe na Simiyu ni mikoa iliyozaliwa pamoja mwaka 2012, lakini ni ndugu wasiofanana sura. Mji wa Njombe umekaa juu, takriban mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, ilhali Maswa iko kama mita 1,300. Na kwa desturi ya hewa, kila ushukapo mita 1,000 joto huongezeka kwa digrii 6 hivi. Hata hivyo joto la Maswa si lile la Tanga au Dar es Salaam, ambalo humvaa mtu kama nguo mbichi. Hapa hewa ni kavu, jasho hukauka upesi, na usiku wa Julai bado utavuta blanketi, japo jepesi.

Na hilo la Julai ndilo lililonidanganya. Nilikwenda kuichunguza Maswa mwezi huo, wakati pamba inapimwa kwenye vyama vya msingi, fedha zinapita mikononi mwa watu, ngoma zinalia vijijini, na mama mkwe anakukaribisha kwa michembe na karanga. Ni nani asingependa? Basi nasaha yangu ya kwanza kwa anayetaka kuhama ni hii: mahali pakague kwa mwezi wake mbaya. Njoo Septemba au Oktoba, mvua zikiwa bado hazijawadia, wakati majani yamekwisha, vumbi linazunguka barabarani kama pia, na malambo ya mifugo yamebaki tope. Ukiweza kukaa majuma matatu ukala na ukalala usingizi, hapo ndipo useme na dalali.

Nyumba tuliyopanga ilikuwa ya bati bila dari. Saa saba mchana ndani palikuwa pakali kuliko chini ya mwembe, nami kwa ujinga wa mgeni nikashinda humo nikijipepea gazeti, hata jirani yetu, mama wa makamo, akanionea huruma. "Baba," akaniambia, "hapa jua halipiganwi, hupishwa njia." Tangu siku ile huamka alfajiri kama yeye, nikamwamkia "Mwangaluka, mayo" ua likiwa lingali na ubaridi, nikafanya kazi zangu mpaka saa nne, kisha nikalipisha jua mpaka alasiri. Ukipanga, tafuta yenye dari. Ukijenga, elekeza madirisha kaskazini na kusini, kwa kuwa huku jua hupita takriban juu ya kichwa na kuta za mashariki na magharibi ndizo ziungulikazo. Na usijenge kwenye udongo mweusi wa mbuga kwa sababu tu kiwanja ni rahisi: masika huvimba, kiangazi hupasuka nyufa zinazomeza kiganja, na msingi wa nyumba huenda nao.

Lakini joto, nalisema kwa yakini, si gharama kubwa ya kuhamia nchi ya joto. Gharama ni maji. Njombe nilikuwa nikiacha mfereji ukitiririka huku nikipiga mswaki, na maporomoko ya mto Ruhuji, pale pale kandokando ya mji, yalikuwa yakimwagika usiku na mchana bila mtu kuyashukuru. Maswa nilijifunza uzito wa dumu la lita 20 na bei yake juu ya mkokoteni wa punda. Oktoba ile ya kwanza tuliuziwa maji yenye rangi ya chai ya maziwa. Niliyaacha yatuame usiku kucha, na asubuhi nikakuta tope la unene wa kidole limekaa chini ya ndoo. Mji hutegemea bwawa la Zanzui, na bwawa huitegemea mvua. Mradi wa kuyaleta maji ya Ziwa Victoria mkoani humu ni neema, lakini usikodi nyumba kwa ahadi ya bomba. Fungua mfereji kwa mkono wako, usikilize.

Malaria nayo ni ya kuhesabiwa. Tulidhani mimi ndiye nitakayeugua, kwa kuwa mzaliwa wa Maswa ni mke wangu. Kumbe kinga ya utotoni hupungua mtu akikaa miaka mingi nchi isiyo na mbu, akalala yeye wa kwanza, mwezi wa Januari. Chandarua na kitangulie kitanda kushushwa garini.

Miche mitano ya parachichi niliyoisafirisha kwa basi kupitia Dodoma na Singida nisiitaje sana. Ilikufa yote. Shamba la Njombe, alhamdulillahi, sikuliuza.

Na magoti? Hayakupona, maana jua hulainisha viungo tu, wala haliponyi yabisi; lakini ile robo saa ya asubuhi imepungua ikawa dakika chache, na mkono wa mke wangu sasa unachoka kwa madumu. Alasiri moja ya Novemba, baada ya miezi mingi mikavu, tone la kwanza likagonga bati, kisha la pili, majirani wote wakatoka mbio na ndoo, mabeseni na sufuria. Nilikuwa nimekwisha fika uani, sufuria mbili mikononi, ndipo mke wangu alipocheka mlangoni akauliza nimekimbia kwa miguu ya nani.